Kofia Mbili za Figo

Mzee Kishimba alinionyesha vidole vyake
katika zahanati ya Katuba, majira ya vumbi,
viungo vimefura kama tangawizi.
Miaka ishirini na sita alilinda tanuru la shaba, hapa Lubumbashi.
Miaka miwili alimeza kidonge kila alfajiri,
alichonunua rejareja soko la mtaa wa Kenya,
kimefungwa kwa karatasi ya daftari,
na maumivu yakanyamaza.
Uso ukawa mviringo. Majirani wakasema: pensheni imeingia.

Kisha hela ikakata, akaacha. Hivyo tu.
Siku ya nne alianguka karibu na bomba la maji,
presha chini, jasho baridi,
bukari imekataa kukaa tumboni.

Nikamwambia: Baba, juu ya kila figo
imeketi kofia ndogo, ungeificha kiganjani.
Kabla jogoo hajawika humwaga kotisoli,
nayo huzunguka damuni ikiwaambia askari wa kinga:
mwizi ameshakamatwa, shusheni marungu,
msivunje na nyumba ya mwenyewe.
Bila neno hilo, mchubuko wa mwiba
ungechoma mtaa mzima.
Lakini kofia zako zilisikia kidonge
kikitoa amri ileile kila asubuhi.
Zikasema: kazi ina mtu. Zikalala.
Zikasinyaa.

Alikaa kimya. Dripu ikahesabu.
Halafu akacheka, cheko la mtu
aliyekuta kosa lake mfukoni mwake:
"Moto ya tanuru hatuizimake mara moya, muganga.
Ukiizima mbio, shaba inaganda mule ndani,
matofali inapasuka.
Nilijua. Kwa shaba, nilijua."

Basi tukarudi kwenye kidonge,
baadaye nusu, baadaye robo,
mkewe Nsenga akikata kwa wembe juu ya sahani ya bati
na kuhesabu hata unga.
Miezi tisa.

Jana alipita. Hakuketi.
Alisema siku hizi anaamka mwenyewe, saa kumi,
ile saa ya king'ora cha zamu ya kwanza,
ingawa king'ora kilinyamaza zamani,
na kabla ya kuwasha taa hukunja ngumi,
na kidole cha shahada kinauma.
Kidogo, akasema. Kama mgeni anayebisha hodi
akijua mwenye nyumba yumo.