Vipimo vya Gego

Usiniulize, Mwasiti, kama inauma.
Niulize inaanza kuuma wapi:
kwenye pochi.
Laki nne na nusu, zamu yangu nzima ya mchezo,
ile niliyoiwekea cherehani ya umeme.

Miaka ishirini na mitatu nakata uzi kwa meno,
mkasi unaning'inia shingoni kama pambo.
Halafu Jumanne moja, hapa hapa Mkunguni,
wali maharage, kijiwe kimoja,
gego likapasuka kama kifungo chini ya pasi.

Upanga, ghorofa ya pili, feni inasaga joto.
Daktari Shekalaghe, binti mdogo, vidole baridi,
akapiga picha, akanionyesha ufa:
mstari mwembamba kama mshono uliofumuka.
"Kuziba hakutoshi," akasema. "Tulivishe kofia."
Nikacheka peke yangu.
Maisha yote navisha watu,
leo nimelala chali, nachukuliwa vipimo.

Sindano ya ganzi: hesabu mpaka saba.
Kisha shavu linakuwa la jirani.
Kisha mashine.
Wewe usiifikirie. Mimi niliifikiria:
cherehani isiyo na kanyagio,
inashona bila uzi ndani ya fuvu langu,
na harufu, sikufichi,
ya pembe iliyoungua, na pembe yenyewe ni wewe.

Ulimi hauna adabu. Ukaenda kuchungulia,
ukakuta kisiki.
Hapo machozi yakanitoka, na maumivu hayakuwepo.
Nilimkumbuka mama, alivyopenda kusema
jino la pembe si dawa ya pengo.
Mama, sina pengo. Nina kisiki,
na kisiki kina mzizi.
Ningemjibu hivyo, ila mdomo ulikuwa umejaa
uji wa bluu unaoganda.

Akaleta rangi: vijino vimepangwa kwenye kijiti
kama sampuli za vifungo dukani.
"Hiki kinakufaa."
Nikatikisa kichwa, nikanyoosha kidole dirishani.
Rangi haichaguliwi chini ya taa, mwanangu,
hilo hata ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia.
Tukasimama juani, mimi na bibu yangu kifuani,
tukabishana mpaka tukaafikiana:
nyeupe, hapana. Chai iliyozidishwa maziwa.
Akaandika. Nadhani siku ile aliniona fundi.

Wiki mbili utakaa na kofia ya muda.
Ni bandi tu, Mwasiti, na bandi haivutwi.
Tafuna upande wa pili. Acha bigiji, acha kashata.
Mimi siku ya tisa nilikutana na muwa uliomenywa,
umekatwa vipande, upo kwenye ndoo ya barafu.
Nikairudisha kofia Upanga ndani ya risiti,
kimya, kama mtoto aliyepoteza daftari.

Siku ya kuvikwa utauma karatasi ya kaboni.
Uma. Saga. Fungua.
Atapunguza punje, utauma tena,
akikuuliza kama umezoea usimwonee haya,
sema bado, sema hata mara sita.
Nguo inayobana begani haizoeleki.
Kisha gundi, kisha pamba,
kisha dakika kadhaa za kutosema neno.
Hizo kwangu ndizo zilikuwa ngumu kuliko zote.

Maji ya baridi yatakushtua siku tatu nne.
Likizidi juma, au ukiuma unasikia linagonga,
rudi. Usijitie ushujaa.

Mlangoni akanipa kijikopo kidogo.
Nikafungua: uzi.
"Kila usiku, mama, pitisha hapa pindoni,
kofia inapokutana na ufizi."
Nikamwuliza unakatwa na nini.
Akanionyesha kiwembe kwenye kifuniko,
akanitazama kwa muda.

Jana nimeshona gauni la kitchen party, zipu ya mgongoni,
nikajikuta uzi uko tayari kati ya meno.
Nikasimama.
Nikautoa polepole, nikapapasa mkasi.
Mteja alidhani nasali.