Viungo

Kisiwa cha Hiiumaa, mwezi wa kwanza.
Jua huchungulia saa tatu, na saa kumi haijagonga
limeshafunga duka.
Chumba cha juu, ofisi ya halmashauri,
Triinu amevaa soksi mbili mbili
anapanga viungo vya tovuti,
kila kimoja akipe ukoo.

Ada ya maji: huduma.
Kibali cha kukata kuni: huduma,
au mazingira? Anasita. Huduma.
Kwaya, mnara wa taa, mashindano ya kuteleza: burudani.
Namna ya kuandikisha kifo:
hapa anainuka kuchemsha maji ya chai,
anarudi, anaandika familia.

Nyuma ya kila lebo amefukia kihesabio,
kijidudu kisicho na macho wala masikio,
elimu yake yote ni kuongeza moja.

Lugha ninayoandikia ina mzaha wake:
viungo ni hivi vya kubofya,
viungo ni iliki na bizari,
viungo ni goti, kiwiko, na kifundo cha kidole
ambacho baridi ikizidi hukataa kukunjika.
Triinu haijui lugha hii.
Angeijua, pengine angeuliza mapema
ni kidole cha nani.

Kiungo kimoja kilimsumbua: Barabara ya Barafu.
Bahari ikiganda sawasawa, watu huendesha magari juu yake
mpaka bara.
Je, ni usafiri? Ni dharura?
Watalii huipenda, huipiga picha.
Akakitupa kwenye burudani, akaenda kula.

Jumatatu chati iliruka
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Burudani: mibofyo mia nne na kumi na miwili, usiku mmoja!
Bwana Kalmer, mkuu wa idara, akaja na mkate wa mdalasini.
"Watu wetu wanataka raha," akasema,
na kabla makombo hayajafutwa alishapanga bajeti,
taa za rangi gatini, sanamu za theluji,
kibanda cha mvinyo wa moto.
Chati ikabandikwa ukutani.
Triinu alikula vipande viwili.
Alilamba sukari vidoleni.

Alhamisi mzee akapanda ngazi,
theluji mabegani, kofia mkononi.
Endel, wa kijiji cha mwisho kaskazini.
Hakuja kushtaki. Alitaka kuuliza tu
kama kompyuta aliyoachiwa na mjukuu ndiyo mbovu.

"Nabonyeza barabara. Inasema imefungwa.
Nabonyeza tena. Imefungwa. Halafu naona tarehe:
ni ya mwaka juzi.
Kivuko kimevunjika rafadha. Simu yao inajibiwa na mashine.
Leida wangu amelazwa ng'ambo, wiki ya pili sasa.
Nikasema, nikibonyeza mara nyingi
huenda kuna mtu ataona."

Tuliona, Triinu anataka kusema.
Tuliona, tukakata mkate.
Anavuta kiti, anampa chai,
anampigia mlinzi wa barabara kwa namba isiyo kwenye tovuti.
Imefunguliwa tangu Jumanne.
Gari lisizidi tani mbili. Mkanda usifungwe.
Usisimame katikati.
Mzee anaandika yote nyuma ya bahasha,
herufi kubwa, polepole,
kifundo cha kidole cha shahada kimevimba kama tangawizi.

Jioni anakirekebisha kiungo,
anakitoa kwenye burudani.
Anakifungulia fungu lake peke yake,
na pale mfumo unapodai jina la fungu
mshale unapepesa, unapepesa,
mpaka anazima taa.

Ijumaa mstari umeanguka chini kabisa.
Kalmer amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.
"Nini kimeharibika?"

"Nadhani amevuka," anasema Triinu,
na Kalmer anageuka kutazama dirishani,
ingawa kutoka hapo bahari haionekani.