Thibitisha Unapoishi

Alfajiri ya saa kumi na moja, na foleni imeshampita fundi viatu.
Askari wa lango ameniandika mkononi kwa kalamu:
mia mbili na kumi na nne.
Msinawe, anasema. Namba ikifutika, nawe umefutika.

Fomu ya ruzuku ya kodi ina kurasa sita.
Niliinunua shilingi ishirini kwa kijana wa saiba pale Kaptembwo,
ingawa chini kabisa imeandikwa, kwa herufi za sisimizi:
haiuzwi.

Jina nalijua. Truphosa Nasimiyu Makokha.
Kazi: nikaandika kufua, nikafuta,
nikaandika biashara ya usafi, nikafuta tena,
karatasi ikatoboka, na katika kitundu
nikakiona kidole changu, kimekunjamana kwa sabuni,
kikijibu kwa niaba yangu.

Idadi ya watu katika kaya.
Kaya! Neno pana kwa chumba cha futi kumi kwa kumi.
Mimi. Brevin. Seline.
Na Kundu, mtoto wa marehemu dada yangu,
anayelala kwetu tangu Jumatatu
mpaka njaa ya kwa baba yake itulie.
Visanduku ni vitatu.
Nimemwandika pembeni, nje ya mstari,
kama anavyolala.

Halafu swali la kumi na saba:
thibitisha unapoishi. Ambatisha barua ya mwenye nyumba.

Jana jioni nilimwendea Bi Gathoni, akihesabu mitungi ya maji.
"Barua? Ili watu wa ushuru wajue nina vyumba ishirini na viwili?
Truphosa, tumeishi vizuri.
Waambie unakaa kwa shangazi."

Elfu nne, kila tarehe tano, miaka tisa,
naituma kwa simu, na simu hunijibu
kwamba pesa zimepokelewa na Gathoni Kuku na Mayai.
Kwa hiyo, serikali yangu, kwa ushahidi nilio nao,
nimekula mayai ya shilingi laki nne na elfu thelathini na mbili,
na wanangu bado wembamba.

Usiku nilipekua sanduku la bati.
Kadi za kliniki. Picha ya mama, Chwele, amefumba jicho moja.
Risiti ya godoro lililokwisha kuwa vumbi.
Na chini ya yote, karatasi ya daftari la mistari,
iliyobandikwa kwangu mwaka jana, mwezi wa baridi:

*Wewe wa chumba namba kumi na tisa
Ijumaa ikifika hujalipa mlango nang'oa
Ni mimi mwenye nyumba Gathoni*

Akaung'oa kweli. Siku nne tulilala nyuma ya shuka la maua,
upepo wa Menengai ukiingia bila hodi,
Seline akiuliza kama sasa tunaishi nje.

Niliisoma mara tatu, nikacheka peke yangu hadi Brevin akaamka.
Chumba kimetajwa. Mpangaji katajwa. Mwenye nyumba kajitaja mwenyewe.
Miaka tisa nikitafuta karatasi ya kusema hapa ni kwangu,
kumbe aliyeiandika ni yule aliyetaka nitoke.

Saa nane mchana ndipo nilipofika dirishani.
Bwana Lang'at akaigeuza, akanusa, akaipandisha kwenye mwanga.
"Mama, hii haina muhuri."
Nikamwonyesha pembe nne, palipotobolewa na misumari.
Alinyamaza. Foleni nyuma yangu ikakohoa.
"Na mlango," akauliza, kwa sauti isiyo ya ofisini, "ulirudi?"
"Ulirudi. Bila komeo."

Akaibana kwenye fomu, pini mbili,
akatazama saa, akatazama mtambo uliogoma.
"Kesho asubuhi. Uje na namba hiyo hiyo."

Jioni, Section Hamsini na Nane,
kulikuwa na mashuka saba ya watu na mapazia.
Nimeyafua yote kwa mkono mmoja.
Ule mwingine nimeuinua juu ya beseni,
mkavu, kama mtoto darasani
anayejua jibu.