Jani la Parachichi

Mvua ikipiga mabati ya Kadutu
tulikimbilia maktaba ya parokia.
Mama Nsimire alitukagua viganja mlangoni:
"Sambaza hawasomi. Kanaweni."

Kitabu cha nyota nilikificha
nyuma ya sheria za forodha, rafu ya chini,
kisiazimwe na mwingine.
Jumamosi nikakikuta palepale,
ila ndani, ukurasa wa arobaini,
jani la parachichi, bado bichi.

Nikasoma hadi sitini, nikalihamisha.
Wiki iliyofuata lilikuwa themanini,
na alama ya kidole chenye mafuta.

Nani wewe? Sikukuona hata kisogo.
Lakini mpaka leo, penye rafu yoyote,
mkono wangu hupita nyuma ya vitabu vinene
ambavyo hakuna anayevigusa,
ukipapasa.