Daftari la Pili

Kwetu hadithi huanza na miguu ya Eivind:
alivyotembea siku kumi na mbili kutoka reli ilipokomea,
mabuti shingoni asije akayachakaza,
hadi Dakota, palipokuwa na nyasi, na mbele ya nyasi, nyasi.
Babu akifika hapo hunywa kahawa funda moja, asubiri tushangae.
Tulishangaa. Tulikuwa watoto.

Kisha nyumba ya udongo, aliyoikata ardhini kama mtu akataye mkate,
nyoka waliodondoka kutoka darini wakati wa chakula,
nzige waliotafuna hata mpini wa uma,
na kura thelathini na moja zilizomfanya karani wa wilaya.
(Wapiga kura walikuwa arobaini. Tisa walikuwa wamelewa.)

Ofisi ilikuwa meza ya jikoni.
Hati za mashamba zililala katika sanduku la arusi la Ragnfrid,
lile lenye mawaridi ya buluu, lililovuka naye bahari,
na mhuri ulifichwa ndani ya pipa la unga.
Jumapili moja mkate ulitoka tanurini na nembo mgongoni:
jembe, mganda wa ngano, jua likichomoza kinyumenyume.
Wakaula. Serikali, akasema Eivind, imepungua chumvi.

Halafu Machi ya themanini na tatu.
Watu wa mji wa Pruitt walikuja usiku na magari manne ya farasi
kuiba makao makuu, yaani kuiba madaftari,
maana daftari lilipo ndipo wilaya ilipo.
Eivind akasimama mlangoni na bunduki.
Hapo ndipo kahawa ya babu humwagika.

Mimi nimeshuka chini ya mahakama,
chumba kinachonuka panya na mabomba ya joto.
Bi. Odegaard ameniletea madaftari na glavu za pamba.
La kwanza ni mkono wa Eivind, herufi wima kama nguzo za seng'enge.
Juu ya ramani ya mpimaji: *Ardhi tupu.*
Maneno mawili, na nukta nzito.

La pili linaanza Januari,
baada ya dhoruba iliyomrudisha nyumbani
bila vidole vitatu vya mkono wa kulia.
Hapo herufi zinalala upande, kama nyasi kwenye upepo.
K ina mkia. Saba imefungwa mshipi.
Mwandiko huu ninao nyumbani, kwenye karatasi ya kugandisha jibini.

Miaka minane. Vizazi, ndoa, alama za masikio ya ng'ombe,
malipo ya vichwa vya mbwamwitu, watoto sita wa homa ya koo wiki moja.
Na chini ya kila ukurasa sahihi ya Eivind,
ya mkono wa kushoto, ikitetemeka,
na mshahara wa Eivind.

*Tarehe 9 Machi. Wamekuja. Nimekalia sanduku, nanyonyesha.
Hakuna aliyethubutu kuninyanyua. Karani alikuwa ghalani, ng'ombe anazaa.*

Kiwanja cha kumi na nne ni chetu hadi leo;
kodi yake nimelipa Aprili hii.
Pembezoni, kwa penseli, kila Juni:
*Yule mama wa Kidakota amekuja na kijiti chake, anachimba mizizi.*
*Amekuja na binti.*
*Anasema mama yake alichimba hapahapa. Nimemwambia imeandikwa.
Akauliza, na nani?*
Juni iliyofuata, hakuna kitu.
Iliyofuata, hakuna.

Nilimpigia babu nikiwa nimeketi kwenye ngazi.
Nikamweleza sanduku, na mtoto aliyenyonya, ambaye ni baba yake.
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Ghalani?"
"Ghalani."
"Huyo ndama, alipona?"
Nikasema nitaangalia.
Ya penseli ilikuwa mapajani, wazi,
na kijiko bado kinazunguka.