Kifundo cha Sauti

Kijiti chenyewe nilikipata Machomanne,
kwa Hafidh wa vyuma chakavu,
ndani ya gunia la pasi zilizokufa
na rimoti zisizo na televisheni.
"Elfu sita," akasema,
"na hiyo ni kwa sababu sijui ni kitu gani."
Nikampa nne. Na mimi nikajifanya sijui.

Joistiki. Kitufe cha kidole gumba kimeng'oka,
shingo imelegea kama ya mtoto aliyelala mgongoni,
ukiisukuma mbele hairudi.
Lakini pale pa kufumbatia pamelika,
palepale panapolika vitu vilivyopendwa.

Kwetu Wawi ndege zinapita juu ya paa.
Mabati yanatetemeka,
mama anafunika kikombe cha chai kwa kiganja
wala haangalii juu.
Nimezihesabu tangu skuli. Kupanda, sijapanda.

Nikaanza.
Mpira wa ndani wa baiskeli nikaukata vipande vinne,
nikavifunga huku na huku, shingo ikasimama wima.
Baiskeli yenyewe nikaikata pembe
kwa msumeno wa chuma,
hadi jirani akauliza ng'ambo ya ua tunachinja nini.
Bomba la maji likawa mhimili,
likapita tundu la droo ya kabati, likakwaruza,
nikalipaka samli.
Likateleza. Chumba kizima kikanukia biriani.
Kandambili mbili zikawa pedali:
ya kushoto nambari tisa, ya kulia kumi.
Na kiti? Mbuzi ya kukunia nazi,
ulimi wake nimeufunga tambara.
"Rubani gani huyu," akasema Mize, dada yangu,
"ndege yake inaanza na mbuzi."

Kikabaki kitu kimoja: cha kuongezea mwendo.
Chake nzima nilitafuta. Hakuna.
Hakuna, ila ndani ya kabati,
chini ya kanga za sikukuu,
redio ya marehemu baba.
Kifundo chake cha kulia
ndicho alichokizungusha kila jioni
ikifika saa ya matangazo ya vifo,
na nyumba ikanyamaza, hata paka,
tusikie nani, wa wapi, anazikwa saa ngapi.
Siku ya zamu yake
kilizungushwa na mkono mwingine.

Nikafungua skrubu tatu. Ya nne haikuwepo.
Risasi ikayeyuka, moshi wake
ukatoka uani ukakutana na harufu ya karafuu,
na mimi nikajihisi mwizi
niliyeiba kitu nyumbani kwangu mwenyewe.

Usiku ule nikavuta kulia,
ndege ikalala kushoto.
Nikavuta kushoto zaidi, kwa hasira. Baharini.
Mara kumi na moja baharini,
kumbe waya mbili tu zimebadilishana mahali.

Kesho yake, alasiri, mama akaingia
na ungo mkononi.
Akaziona pembe za baiskeli. Akaiona mbuzi yake.
Akakiona kifundo.
Nikangoja.
"Sasa kinaongeza nini?"
"Mwendo, mama."
Akaweka ungo chini. Akanyoosha vidole viwili,
akakizungusha kidogo kidogo,
vilevile,
kama mtu anayeogopa jina litakalofuata.
Injini zikapanda sauti.

Akaketi ukingoni mwa kitanda.
Kwenye kioo Pemba ilikuwa kijani tupu,
jani la mgomba lililodondokea majini.
Haina Wawi. Haina njia ya kwenda Gombani,
haina bati hata moja la kutetemeka.
"Nyumba yetu iko wapi?"
"Hawakuichora."

Akautazama sana ule ukijani.
Nikakanyaga nambari tisa, ikalia chwi,
pua ya ndege ikageuka taratibu kuelekea kwetu,
au palipopaswa kuwa kwetu.

"Basi shuka polepole," akasema.
"Hapo chini nimeanika karafuu."