Ubini wa Kasha

Chini ya mahakama ya Zanesville, Ohayo,
bomba la joto linagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.
Karani katupa glovu nyeupe na penseli;
kalamu hairuhusiwi mbele ya wino wa wafu.

Baba mkwe anatafuta ngome.
Nyumbani ana kikombe chenye ngao na simba wawili,
dola kumi na nane, na chini yake: Ludlam.
Hukinywea kahawa kwa mikono miwili.
Nilipoolewa sikulichukua jina hilo.
Hajanisamehe.

Kwetu Pangani swali ni moja tu: bin nani?
Ukijibu, babu zako wanajipanga nyuma yako
kama foleni ya bombani.

Hapa kila karani wa sensa aliandika kwa sikio lake.
Themanini: Laddam, mtengeneza mapipa, mke Kezia, watoto sita.
Sabini: Ludlum, kibarua.
Sitini: mwanamume, mweusi, miaka kumi na tisa. Basi.
Jina lililo juu ya ukurasa ni la Crutcher wa Kentaki,
mwenye mali.

Baba mkwe akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
Kisha nakala ya faili la pensheni, kiapo cha mzee,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:

*Sajini aliniuliza, Absalomu nani?
Sikuwa na nani.
La Crutcher nilimwachia mwenyewe, ng'ambo ya mto.
Nyuma ya sajini palikuwa na kasha la biskuti.
Nikasema, nisomee pale.
Akasoma: Ludlam na Wanawe.
Nikasema, andika hilo.
"Na Wanawe" hakuandika.*

Bomba likagonga mara tatu.
Nilingoja hasira. Akauliza tu,
"Zilikuwa tamu, hizo biskuti?"
Ngumu, nikamwambia. Nasikia
walizivunja kwa kitako cha bunduki.
"Na lako wewe? Limeanzia wapi?"
Nikahesabu kwa vidole vyeupe vya glovu:
baba, babu, baba wa babu,
wa nne, aliyekuja na mbuzi kutoka Handeni.
Wa tano simjui.

Chini ya kiapo, *alama yake*:
mistari miwili imekatana, mmoja mrefu kuliko mwenziwe,
na tone la wino pale alipositasita,
au pale kalamu ilipokuwa mbovu.
Baba mkwe aliweka kidole juu yake, bila kugusa,
mpaka karani akazima taa za upande wa pili.